Deni la Suruali Mbili

Zabuloni fundi mwashi hakuwa na pesa.
Suruali zake mbili zilikuwa tayari,
pindo limekunjwa, zipu mpya,
wiki tatu zimening'inia juu ya cherehani yangu
zikinitazama kama wateja.
Akaja na mfuko wa rambo, katoka kwao Buhigwe kwenye baridi,
ndani vitunguu sita, vidogo kuliko jino la mtoto.
"Cha porini hiki," akasema. "Panda kwenye ndoo.
Ndoo, mama Sekunda, nisikilize.
Kisiguse ardhi."

Ndoo yangu ilikuwa na maji.
Nikakipanda ardhini.

Mvua za kwanza nilikuwa tajiri.
Jani bapa, shina la pembe tatu,
ulizungushe kati ya vidole uhesabu kona,
na maua meupe yameinamisha shingo
kama wasichana wa kwaya waliosahau ubeti.
Nikakata, nikatia kwenye dagaa wa mawese:
harufu si ya kitunguu, si ya saumu,
ni ugomvi wa hao wawili uliokwisha vizuri.
Watoto walilamba sufuria.
Nikamwombea Zabuloni kazi ya ghorofa.

Mvua za pili kikawa kwenye mahindi.
Za tatu, bandani kwa kuku,
kwenye ufa wa ngazi,
ndani ya buti lililotoboka nikalisahau nje.
Nilipiga jembe, na jembe ndilo lililonipandia:
kila kilichopasuka kilimwaga vitoto kama chenga za mchele.
Usiku nikawasha tochi, nikawaona sisimizi,
msururu mmoja, kila mmoja na mbegu yake nyeusi,
wanahama nazo kuteremka mlima
bila kibali cha mtu.

Na Bangwe yote ni mteremko.
Kinachoniponyoka mimi humfikia Mwalimu Ntabaye,
kinachomponyoka yeye, ziwani.

Mwalimu hakuja kugombana. Amestaafu, ana muda.
Asubuhi moja nilikuta karatasi ya daftari
imechomekwa kwenye mwiba wa seng'enge,
vina vimekaa, mizani imetimia:

    Jirani nakuuliza, mboga yako yanifata,
    Seng'enge haikuiza, chini kwa chini yapita,
    Bamia imeziviza, mchicha imeufuta,
    Njoo uje kuikata, au nitakuja uza.

Nilicheka. Sikukata.
Nilikuwa na sare za shule arobaini na nne za kushona.

Jumamosi, soko la Mwanga, nyuma ya wauza migebuka,
mjukuu wake ana meza.
Mafungu yamekazwa kwa kamba ya mgomba,
yamenyunyiziwa maji, yanameta.
"Mia tano, mama. Cha kienyeji hiki, kinashusha presha."
Yangu ilipanda.
Jani nililijua. Ningelijua gizani.
Nikafungua mdomo niseme lile la miaka mitatu,
mtoto akanitazama, kalamu sikioni, chenji imepangwa tayari,
na vitunguu vyenyewe vilikuwa vimeoshwa.
Nikanunua mafungu mawili.
Nikapanda mlima nayo, nikipita juu ya ndugu zao
njia nzima.

Juzi Zabuloni kaja. Suruali ni zile zile,
magoti yametoka nje kuona dunia.
"Safari hii pesa," nikamwambia, "usiniletee mfuko."
Hakujibu. Alikuwa anatazama nyuma yangu:
bustani nyeupe hadi chooni,
nyeupe hadi kwa Mwalimu, nyeupe kuelekea maji.
"Nilisema ndoo," akasema, taratibu,
kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

Nimemtilia viraka. Nani anamdai nani sasa, sijui.
Nilinawa mara mbili kwa sabuni ya kipande
na kitambaa bado kikanuka.
Nilipokunjua pindo nikakuta mbegu mbili zimenasa kwenye mshono.
Kesho ataondoka, anakwenda kujenga Uvinza.
Nikalikunja pindo tena, na mbegu zake ndani,
nikashona.